Jinsi ya kutumia AI kupanga vikao vya timu bila kuvuruga ratiba za watu

Kupanga kikao cha watu sita ni kazi ambayo kila mtu anaidharau mpaka siku apewe yeye. Unatupia meseji kwenye grupu, "jamani Jumanne asubuhi mnaonaje", wawili wanajibu sawa, mmoja anasema asubuhi ana kitu kingine ila mchana yuko freshi, mwingine kaisoma meseji kakaa kimya, wa tano anajibu kesho yake wakati wale wawili wa mwanzo wameshapangiwa mambo mengine, na bosi ndo anaingia mwisho kabisa kuuliza hiki kikao ni cha nini. Wiki imeisha hivyo. Wasaidizi wa AI wanasaidia kweli kwenye hili jambo, ila naona watu wengi wanaandika "nipangie kikao na timu yangu wiki ijayo" alafu wanashangaa kinachotoka ni kitu cha ovyo, kwahiyo hapa naeleza hatua zote kuanzia kabla hujaifungua hiyo AI mpaka mwaliko umeshatoka na mtu mmoja kaukataa.

Kwanza tuelewe kwanini hii kazi ni ngumu, maana ukishaelewa utajua nini cha kumwambia msaidizi. Chukua wiki ya kazi ya masaa 40, igawe nusu saa nusu saa, unapata nafasi 80. Sasa tuseme kila mtu kwenye timu yuko wazi nusu ya muda wake na ratiba zao hazifanani. Watu wawili wanabaki na nafasi kama 20 wanazokutana. Watu wanne, nafasi 5. Watu sita, moja na kachenji kidogo. Watu wanane, hata moja haipo. Yani kila mtu mmoja unayemuongeza anakata nusu ya nafasi zilizobaki, na hakuna AI duniani itakayoumba muda ambao haupo. Ndo maana swali la kwanza kabisa ni nani LAZIMA awepo, na hilo unalijibu wewe, programu haiwezi kulijua. Ukitoa watu wawili kwenye orodha ya lazima ukawaweka kwenye "akiweza aje", umerudisha nafasi mara nne kwa sekunde kumi tu za kufikiri. Nimeona timu zikihangaika wiki nzima na apu za kila aina wakati dawa ilikuwa kumuuliza mtu mmoja "hivi hiki kikao kinakuhusu au tukutumie tu maamuzi?"

Tukija kwenye vifaa vyenyewe, kwa haraka tu. Kuna wasaidizi waliokaa ndani ya kalenda, kama Gemini upande wa Google Calendar na Gmail au Copilot ndani ya Outlook, hawa faida yao ni kwamba mara nyingi wanaona nani yuko wazi na nani yuko bize kwa wenzako wa ofisi moja. Kuna wasaidizi wa kuchati kama ChatGPT na Claude, hawa hawaoni chochote mpaka uwaunganishe na kalenda yako au uwapestie maelezo mwenyewe. Kuna zile apu za kupangua ratiba zenyewe kama Reclaim na Motion, unaziambia kipi muhimu nazo zinahamisha vipande vya kazi pale kikao kinapoingia. Alafu kuna linki za kubuku kama Calendly, ambazo ni nzuri kwa watu wa nje ya timu. Wazo lenyewe wala sio jipya, kampuni ya x.ai ya New York (hii ni ile ya zamani, tofauti na ya sasa yenye jina hilo hilo) ilianza 2014 na msaidizi aliyeitwa Amy ambaye ulikuwa unamuweka kwenye kopi ya imeili naye anaongea na watu kutafuta muda, huduma ikafungwa 2021. Ushauri wangu ni anza na kile kilichopo tayari kwenye kalenda unayoitumia, usinunue kitu kipya mwezi wa kwanza.

Kabla ya yote, kalenda iseme ukweli

Hii ndo sehemu ambayo watu wanairuka na ndo yenye uzito kuliko zote. Msaidizi anasoma kalenda, hasomi maisha yako. Kama kila Jumatano mchana unamfuata mtoto shule na haipo kwenye kalenda, basi kwa msaidizi Jumatano mchana wewe uko huru na atakupangia kikao hapo na hatakuwa amekosea chochote.

Pitia haya kwa kila mwanatimu, na ikiwezekana mkae mfanye siku moja wote. Weka masaa yako ya kazi kwenye setingi, Google na Outlook zote zina hiyo sehemu. Futa vikao vya kujirudia ambavyo vilishakufa, kile kikao cha mradi ulioisha lakini bado kinajitokeza kila Jumatatu kinawazuia wenzako bure. Mambo binafsi yazuie kwa neno moja tu, "bize", hakuna anayehitaji kujua unaenda wapi. Mialiko ambayo hujaijibu ijibu, ndio au hapana, maana hata binadamu hajui kama utakuja sembuse mashine.

Na kuna huu mtego mmoja ambao unawapata wengi sana. Ukiweka tukio la siku nzima kwenye Google Calendar au Outlook, mfano umeandika "LIKIZO" ukaburuza kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, mara nyingi linaingia likiwa limewekewa alama ya kwamba uko huru, sio bize. Sababu ni kwamba hizi programu zinachukulia tukio la siku nzima ni kama kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa ya mtu au sikukuu. Kwahiyo mwenzako anamuomba AI itafute muda, AI inaona wiki nzima uko wazi, unaletewa vikao vinne ukiwa likizo. Fungua lile tukio, tafuta pale pameandikwa huru au bize, badilisha iwe bize, au tumia ile aina maalum ya tukio la kuwa nje ya ofisi. Dakika moja tu hiyo.

Kama unatumia kalenda mbili, ya kazini na ya binafsi, kumbuka msaidizi wa kazini haioni ya binafsi. Ziunganishe kwa kushea ile hali ya huru au bize peke yake bila maelezo ya ndani, hapo siri zako zinabaki kwako na ratiba inabaki sahihi.

Namna ya kuandika ombi

Sasa ndo unafungua msaidizi. Linganisha haya maombi mawili. La kwanza:

"Nipangie kikao na timu wiki ijayo."

Hapa hajui muda gani, nani, siku zipi, na mbaya zaidi hujamwambia kama atafute tu au atume kabisa. Sasa la pili:

"Nitafutie muda wa kikao cha dakika 45 kati ya Jumanne na Alhamisi ya wiki ijayo. Lazima wawepo: mimi, dizaina na mhasibu. Meneja masoko akiweza ni vizuri ila asizuie. Mimi na mhasibu tuko UTC+3, dizaina yuko London. Kisiwe kabla ya 09:00 wala kupita 16:30 kwa saa ya mtu yeyote kati yetu. Usiguse 13:00 mpaka 14:00, kila mtu kwa saa ya kwake, ni muda wa kula. Nipe chaguo tatu, kila moja andika jina la siku, tarehe, saa ya UTC+3 na saa ya London, na useme kila chaguo linambana nani na kwanini. Usitume mwaliko wowote mpaka nikujibu."

Ni refu ndio, lakini unaliandika mara moja alafu unalisevu mahali, wiki nyingine unabadilisha siku na majina tu. Na angalia kilichomo ndani. UTC ni saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote zinapimwa kwayo, na UTC+3, yani masaa matatu mbele yake, ndo saa ya Afrika Mashariki. Kipindi cha baridi London iko nyuma ya UTC+3 kwa masaa 3, kwahiyo 09:00 ya dizaina ni 12:00 ya wengine. Saa ya chakula ya dizaina ikianza 13:00 huku ni 16:00 tayari. Ukijumlisha na chakula cha huku unabaki na 12:00 mpaka 13:00 na 14:00 mpaka 16:00, masaa matatu tu kwa siku, na hapo hujagusa kalenda ya mtu hata mmoja. Ndo ujue kwanini grupu linahangaika, na ndo ujue kwanini ni vizuri kumpa msaidizi masharti yote mwanzoni kuliko kumpa kipande kipande kisha kila anacholeta unakataa.

Ile sentensi ya "useme linambana nani" naipenda kuliko zote. Bila hiyo unapewa nafasi tatu zinazofanana na unachagua ya kwanza kwa uvivu. Ukiwa nayo unaambiwa chaguo la kwanza linamuunganishia mhasibu vikao vitatu mfululizo bila kupumua, la pili linamkosa meneja masoko, la tatu wote wapo ila ni mwisho wa siku ya Alhamisi. Hapo sasa unaamua kama mtu mwenye taarifa, na wewe ndo unajua kwamba mhasibu wiki hiyo anafunga hesabu za mwezi hata kama kalenda yake inaonekana nyeupe.

Akishakuletea majibu usiogope kumrudisha. Mwambie "la pili ni zuri ila lisogeze lisiwe mara tu baada ya kikao cha dizaina, mpe robo saa", au "hakuna linalofaa, ongeza Ijumaa asubuhi uone". Hapo ndo unaona faida, binadamu ukimrudisha mara nne anakasirika, huyu hachoki.

Saa, tarehe na kanda

Hapa inabidi tukae kidogo, maana ndo panapoharibikia.

Ukimwandikia AI kwa kiswahili "saa nane mchana" unamaanisha 14:00, lakini msaidizi anaweza kushika ile nane akaweka 8:00, au akaelewa vizuri leo na kesho akakosea. Usibahatishe, andika kwa mfumo wa masaa 24 wakati wote, 14:00, 09:30, 16:00. Kama unapesti meseji za watu zilizoandikwa kiswahili mwambie mapema "saa zote humu ni za kiswahili, saa tatu asubuhi ni 09:00, geuza zote kisha nionyeshe ulivyogeuza kabla hujaendelea". Hiyo ya kukuonyesha ni muhimu, unapitisha jicho sekunde tano unajua kama kaelewa.

"Jumatatu ijayo" nayo ni tatizo, ukiandika Jumamosi watu wawili wanaielewa tofauti, mmoja kesho kutwa mwingine wiki inayofuata. Weka tarehe. Na ukipewa jibu hakikisha jina la siku na tarehe vinaoana, kwasababu hizi AI za lugha zina udhaifu kwenye hesabu za kalenda, anaweza kukuandikia kwa kujiamini kabisa "Jumanne tarehe 11 Machi 2026" wakati tarehe 11 hiyo ni Jumatano. Ndo maana unadai vyote viwili viandikwe, kimoja kinakusaidia kukikamata kingine.

Kanda za saa zitaje kwa mji, sio kwa herufi tatu. IST inaweza kuwa India, Ireland au Israel, na CST inaweza kuwa ya katikati ya Marekani au ya China. Andika Europe/London, America/New_York, Africa/Nairobi, hayo ndo majina ambayo kompyuta zenyewe zinayatumia na hayana utata. Na usidhani tofauti ni saa kamili siku zote, India ni UTC+5:30 na Nepal ni UTC+5:45.

Alafu kuna nchi zinazosogeza saa kila mwaka. Marekani wanasogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya wanafanya Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hawaendi pamoja, kwahiyo mwaka 2026 kuanzia tarehe 8 mpaka 29 Machi tofauti ya New York na London ni masaa 4 badala ya 5 ya kawaida, na tena kuanzia 25 Oktoba mpaka 1 Novemba. Timu zenye watu pande hizo kwenye wiki hizi ndo utasikia "mbona niko peke yangu kwenye kikao".

Kwa kikao cha kila wiki, lazima mkubaliane kinafuata saa ya mji gani na umwambie msaidizi hivyo hivyo. Kikiwa ni 15:00 ya London, mtu wa UTC+3 ambako saa hazisogei atakuwa anaingia 18:00 kipindi cha baridi na 17:00 kipindi cha joto, kikao ni kile kile ila kwake kinahama. Hakuna ubaya, mradi aambiwe kabla.

Na kama timu yenu imesambaa kiasi kwamba hakuna saa nzuri kwa wote, ukubali hivyo na ugawe maumivu kwa haki. Mtu wa New York akifika kazini 09:00 kipindi cha baridi, wa Mumbai ni 19:30 usiku tayari, hakuna ujanja wa kuwakutanisha wote ndani ya masaa ya ofisi. Naona timu nyingi kikao kinafuata saa ya aliko bosi, na yule mtu wa mbali anaingia usiku mwaka mzima, hilo linamuumiza mtu na hasemi. Muombe AI hivi: "tengeneza jedwali la vikao 8 vijavyo, zamu ya kuingia muda mbaya izunguke kwa kila mji, na chini hesabu kila mji umepata muda mbaya mara ngapi". Jedwali likiwekwa mbele ya wote hakuna anayeonewa.

Kama timu yenu haina kalenda za kushea

Timu nyingi zinaishi kwenye grupu la WhatsApp tu na hakuna kalenda ya pamoja, usikate tamaa, AI inakufaa hapo pia na huhitaji kuunganisha kitu chochote. Uliza swali moja kwenye grupu lililo wazi: "naomba kila mtu aandike siku na masaa ambayo HAWEZI, kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi, mwisho wa kujibu leo jioni". Kuuliza wasiyoweza kunaleta majibu mafupi na ya kweli kuliko kuuliza wanayoweza, maana mtu akiulizwa anaweza lini anajibu "mi muda wowote tu" wakati sio kweli.

Kopi majibu, toa majina na namba za simu uweke Mtu A, Mtu B, alafu pesti. Majibu yatakuwa hivi:

Mtu A: J3 asubuhi siwezi, zingine poa
Mtu B: mi ni saa nane mpaka kumi J4 ndo niko bize
Mtu C: Alhamisi nasafiri
Mtu D: asubuhi zote ngumu kabla ya saa nne

Kwa sisi hayo yanasomeka vizuri, kwa AI kuna mitego mitatu. J3 anaweza kudhani ni siku ya tatu ya wiki wakati ni Jumatatu, J4 ni Jumanne. Saa nane mpaka kumi ni 14:00 mpaka 16:00. Na kabla ya saa nne ni kabla ya 10:00. Mpe ufafanuzi huo kwenye mistari miwili juu ya meseji, kisha mwambie "tengeneza jedwali la siku na masaa kuanzia 09:00 mpaka 17:00, weka alama pale ambapo wote wanne wako wazi". Kwa mfano huu utaona Jumatatu kuanzia mchana, Jumanne 10:00 mpaka 14:00 na tena baada ya 16:00, na Jumatano kuanzia 10:00. Rudi kwenye grupu na nafasi MBILI tu sio zote, watu wapige kura, mwenye nyingi inapita.

Mkishakubaliana muombe akutengenezee faili la .ics. Huo ni muundo wa faili za kalenda uliowekwa 1998 na kuboreshwa 2009, na unafunguka Google, Outlook na hata kalenda ya Apple, kwahiyo unalitupa kwenye grupu kila mtu anafungua kikao kinaingia kwenye simu yake. Jaribu wewe kwanza kulifungua uone saa imekaa sawa.

Kabla hujaruhusu itume

Wasaidizi wengi siku hizi wanaweza kutuma mwaliko wenyewe. Mimi msimamo wangu ni AI itafute na ipendekeze, kutuma ubonyeze wewe, angalau mpaka uwe umeizoea sana na iwe ni kwa vikao vidogo vya ndani. Mwaliko uliokosewa unaingia kwenye imeili za watu wote, ukiufuta unaingia tena taarifa ya kufutwa, ukituma mwingine ni ya tatu, na watu wanaanza kupuuza mialiko yako.

Angalia vitu hivi ukiwa umefungua kalenda yenyewe, sio kwenye chati. Siku na tarehe vinaoana? Kanda ya saa ndo yenyewe? Watu ndo wenyewe, hasa kama kuna majina yanayofanana, maana kumwalika mteja kwenye kikao cha ndani cha bei ni balaa kubwa? Linki ya kuingilia ipo? Muda ni dakika 45 au imejiweka saa nzima?

Na ujue kwamba msaidizi wa kuchati asiyeunganishwa na kalenda anaweza kukujibu "nimeangalia kalenda za wote na nimetuma mialiko" na hakuna kilichotumwa, hakuna alichoangalia. Hadanganyi kwa nia mbaya, ndo namna hizi programu zinavyotunga maneno. Muulize "umeangalia kalenda ya nani na umeona matukio gani siku hiyo?", na bado nenda kaangalie mwenyewe.

Usalama nao usiuchukulie poa. Msaidizi anayetafuta muda anahitaji kujua nani huru nani bize, hahitaji kusoma vichwa vya vikao vyako. Ukiona anaomba ruhusa ya kusoma kila kitu na kubadilisha kila kitu, angalia kama kuna ngazi ya chini ya hapo. Vichwa vya vikao vinabeba siri nyingi kuliko tunavyofikiri, "mahojiano ya nafasi ya meneja" wakati meneja bado yupo, "kikao cha nidhamu" na jina la mtu pembeni. Kwenye kazi uliza kwanza kama ofisi inaruhusu kuunganisha AI ya nje na kalenda ya kazini. Na mwaka 2025 watafiti walionyesha kwamba mwaliko wa kalenda ulioandikwa maagizo ya siri ndani yake unaweza kumteka Gemini akafanya mambo ambayo mwenye kalenda hakumuomba. Kwahiyo mialiko kutoka kwa watu usiowajua usiache iingie yenyewe kwenye kalenda, setingi ya kuzuia ipo, na ukiacha kutumia msaidizi fulani ingia kwenye akaunti yako sehemu ya programu zilizopewa ruhusa umtoe.

Watu wa nje na wakubwa

Kwa wateja, wazee na watu mnaoheshimiana, usimuache AI aongee nao moja kwa moja. Mtu mzima kutumiwa linki kavu ya "chagua muda hapa" anaweza kuona umemfanya yeye ndo mtumishi wa ratiba yako. Muombe AI akuandikie rasimu fupi yenye salamu, nafasi mbili zilizotajwa kwa siku na saa, kisha linki iwe ni ya ziada mwishoni kama zile mbili hazimfai. Rasimu isome, weka maneno yako, kama ni mtu wa shikamoo iwepo, alafu tuma kwa jina lako. Na kama mmeamua msaidizi ndo ajibu imeili za kupanga, basi iandikwe wazi pale chini kwamba ni msaidizi wa AI, mtu ana haki ya kujua anaongea na nani.

Kikao chenyewe kinahitajika?

Watu wanane saa moja ni masaa nane ya kazi, siku nzima ya mtu mmoja. AI imerahisisha kupanga vikao na hatari yake ni kwamba vitaongezeka kwasababu haviumi tena kuvipanga. Kabla hujaomba muda muombe msaidizi kitu kingine: "haya ndo ninayotaka yaamuliwe, kipi kinahitaji watu waongee na kipi kinaweza kwisha kwa meseji?" Mara nyingi kati ya mambo matano mawili tu ndo ya kukutana, kikao cha saa moja kinakuwa dakika 25 na watu wanne.

Kwenye mwaliko andika maneno machache yenye kubeba kitu, AI ikusaidie kufupisha: "Tunaamua: tunazindua mwezi huu au ujao. Soma kabla: jedwali la gharama. Asiyeweza kuja aandike msimamo wake kabla ya Jumatatu jioni." Mtu akipata mwaliko wa hivyo anajua aje au asije, na hata akikataa kauli yake mnayo.

Na watakataa tu, kila wiki kuna mmoja. Hapo usianze upya, weka kanuni mapema na umpe msaidizi: akikataa mtu wa "akiweza aje" kikao kinaendelea kama kilivyo, akikataa mtu wa lazima itafutwe nafasi nyingine ndani ya siku mbili kwa masharti yale yale, ikikosekana nijulishwe mimi. Kila mwisho wa mwezi muombe akuorodheshee vikao vyote vya kujirudia, vipi vimeahirishwa na vipi watu wa lazima wamekuwa hawaji. Kile ambacho kimeahirishwa mara tatu mfululizo na kazi haijasimama popote, kifute na uwaambie watu kwanini umekifuta.